Kahawa Kwenye Kitanda cha Mama

Gari nililinunua likiwa limechoka kuliko mimi. Ilikuwa landrova ndefu, zamani ilibeba wagonjwa wa misheni moja. Siku naliingiza kijijini kwetu Maguu, jirani yangu alilizunguka mara mbili, akalipiga tairi teke, akaniuliza, "Sasa mwenzangu, hili umelinunua au umelirithi?"

"Nimelioa," nikamwambia.

"Basi pole na mahari."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mpaka vijijini kwetu na mizani zao, wanalipa palepale. Sisi tuliozoea kupeleka kahawa kwenye ushirika na kungoja malipo mpaka mtoto aliyezaliwa msimu huo aanze kutembea, tukapagawa. Mmoja alinunua redio ya kaseti, akawa anakwenda nayo shambani, eti mahindi yanaota vizuri yakisikia muziki. Mwingine alinunua bati, akaezeka jiko, mwenyewe akabaki analala kwenye nyasi. Mimi, niliyeishia darasa la sita kwa sababu nilisikia la saba kuna mtihani, nikanunua gari. Lilikula kahawa ya misimu miwili na ng'ombe mmoja. Huyo ng'ombe mke wangu mpaka leo anamtaja kwa heshima kuliko anavyonitaja mimi.

Lakini lile gari nililinunua kwa ajili ya mama. Hilo naomba lieleweke mapema, kabla sijaanza kujiaibisha.

Mama alikuwa mtu wa ziwani. Alizaliwa kijiji kimoja karibu na Mbamba Bay, akaolewa na Mmatengo, akapandishwa huku mlimani. Alitolewa kwenye Uanglikana akatiwa kwenye Ukatoliki, akatolewa kwenye ugali wa muhogo akatiwa kwenye wa mahindi, samaki wakageuka maharage. Yote hayo aliyazoea, alisema, isipokuwa baridi. Kule chini alimwacha dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyemfundisha kuogelea, kusuka mikeka na kutukana kwa Kinyasa. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Nyonga ya mama ilishaharibika, na kushuka ziwani wakati huo ni lori: unapanda juu ya magunia, unashika kamba, unaanza kusali. Mama asingeweza kukaa juu ya gunia hata dakika kumi. Alichoweza ni kulala tu.

Ndiyo maana nikatengeneza kitanda ndani ya gari. Niling'oa mabenchi ya nyuma, nikapiga fremu ya mbao, nikakazia kamba za katani, nikaweka godoro jipya la sponji. Dirishani nikaweka pazia la kanga. Pembeni nikachonga kishubaka cha chupa ya chai, na chini ya kitanda kukawa na nafasi ya sufuria, jiko la mkaa na ndoo ambayo kazi yake sitaitaja. Mpango ulikuwa tusafiri polepole, tukichoka tunasimama, tunapika, tunalala humohumo. Watoto wa kijiji wakaliita gari Konokono, kwa sababu linatembea na nyumba yake, na kwa mwendo wake pia.

Mama alipandishwa kulijaribu. Akajilaza, akatazama juu, akapapasa godoro.

"Kumbe una akili," akasema.

"Nilikuwa naificha, mama."

"Uliificha vizuri sana, baba."

Basi wiki moja baadaye akaja yule muuza dagaa, mtu wa kijijini kwao mama, aliyekuwa anapanda mlima kila mara na gunia la dagaa na kushuka na maharage. Aliniita mpwa, kwa kuwa mama yangu ni wa kwao. Hakufungua gunia. Alikaa kwanza karibu na mama, akamwamkia.

"Dada yako hainuki tena," akasema. "Tumbo limevimba, hospitali wamemrudisha nyumbani. Amenituma. Anasema uje. Usilete kitu, anasema, njoo wewe."

Mama akauliza swali moja tu: "Anaongea?"

"Anaongea. Mpaka nilipotoka alikuwa anaongea."

Tukapanga safari ya Jumatatu. Jumatatu Maguu mpaka Mbinga mjini, tulale. Jumanne tushuke mlima taratibu mpaka ziwani. Mama alifunga furushi lake tangu Ijumaa: maharage, kahawa ya kukaanga, na blanketi la sufu. Nikamwambia, "Mama, kule joto, blanketi la nini?" Akasema mtu anayekufa husikia baridi. Nikaenda kuangalia oili.

Jumapili, tukiwa kanisani, mvua ikaanza.

Na haukuwa mwezi wa mvua. Ule ni wakati wetu wa kuvuna, kahawa yote iko nje. Kwa asiyejua: kahawa yetu tunaichuma nyekundu, tunaimenya, tunailaza kwenye maji, tunaiosha, halafu tunaianika kwenye vichanja, zile meza za fito na wavu. Hapo inataka jua, na inataka mtu wa kuigeuza kama mgonjwa. Ikinyeshewa inachacha, inaota ukungu, inanuka, na yule mnunuzi na mizani yake anaivuta puani mara moja tu, anakwambia kwaheri. Huku kwetu mwanamume anaweza kumkimbia mkewe, watu wakamsahau. Lakini aliyeachia kahawa yake ikaoza, huyo atasemwa mpaka mjukuu wake aoe. Kahawa mbichi haiachwi. Hilo tunalijua kabla ya Baba Yetu.

Nilitoka kanisani mbio kabla ya baraka. Turubai lilitosha kichanja kimoja, nami nilikuwa na vinne. Nyumba ilishajaa mahindi. Nikazunguka uani kama kuku aliyekatwa kichwa, macho yakaangukia gari. Kavu, lina paa, lina milango. Kitanda kipana.

Nikamwaga kahawa juu ya godoro la mama. Debe baada ya debe, nikaisambaza kwa viganja, vizuri kabisa, mpaka kwenye mto.

Mama alikuwa amekaa barazani, ameegemea ukuta, furushi pembeni.

"Naona kitanda changu kimepata mgonjwa mwingine," akasema.

"Ni leo tu, mama. Kesho jua likitoka tunaitoa, tunaondoka mchana."

"Haya, baba."

Jumatatu jua halikutoka. Ule ukungu wetu ulishuka mpaka kwenye migomba, mvua ikawa ile nyembamba isiyo na kelele, ambayo haikunyeshei bali inakulowesha. Nikasema Jumanne. Jumanne nikasema Jumatano. Kila asubuhi nilifungua mlango wa gari, nikaigeuza kahawa, nikaufunga, na kila nikiufungua harufu ilikuwa imeongezeka. Jirani akapita, akachungulia.

"Sasa Konokono ana mimba?"

"Anatarajia Ijumaa," nikasema. Tukacheka. Mama alikuwa anasikia. Hakucheka.

Jumatano mchana muuza dagaa akatokea tena. Miguu ilikuwa na tope letu jekundu mpaka magotini, lakini dagaa ndani ya gunia walikuwa wanalia chakachaka kwa ukavu. Alipomwona mama barazani akasimama.

"Mpwa, bado mpo?"

"Si mvua hii, mjomba. Tunangoja ikatike, na ziwani nako lazima barabara imeharibika."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi asubuhi. "Ziwani? Ziwani kuna jua mpaka mchanga unaunguza nyayo. Hii mvua ni ya kwenu hapa juu. Ukimaliza mteremko unakuta vumbi."

Hapo ndipo nilipokuwa mjinga. Sisi watu wa mlimani tukiona mvua yetu tunadhani ulimwengu mzima umelowa. Nimezaliwa na mwanamke wa ziwani, amenisimulia tangu nanyonya kwamba jua la kwao ni jingine, na bado siku zote tatu sikuwahi kufikiri kwamba kule chini huenda ni kukavu.

Mke wangu alinivuta jikoni. "Mpeleke mama kesho. Kahawa itoe, iweke humu ndani, tutalala juu ya mahindi. Nitaigeuza mimi."

"Wewe hujui kugeuza."

Kugeuza kahawa yeye ndiye aliyenifundisha. Alinitazama tu, akarudi kwenye moshi.

Mimi nikaja na mpango wangu, na niliuona mzuri mno. Kama ziwani kuna jua, basi kahawa na mama waende wote! Nikaitia kahawa kwenye magunia, nikayapanga juu ya fremu, nikarudisha godoro juu yake. Mama atalala juu, kahawa chini, tukifika nitaianika kwenye vichanja vya dagaa. Siku ile hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba kahawa iliyoanikwa kwenye kichanja cha dagaa itanywewa na paka tu. Alhamisi tukaondoka. Godoro lilikuwa limelowa na lina joto kwa chini, kwa sababu kahawa inayochacha inatoa joto. Nikamwuliza mama anajisikiaje.

"Kama yai," akasema. "Endesha."

Tulilala Mbinga mjini, humohumo garini, yeye kitandani, mimi kwenye kiti cha mbele magoti yakiwa kidevuni. Ijumaa asubuhi tukauanza mteremko. Hatukufika mbali. Kwenye kona moja lori lilikuwa limejipinda katikati ya tope, na nyuma yake magari mengine mawili. Tope lile ni la utelezi, ukikanyaga breki ndiyo kwanza umeliruhusu. Konokono akateleza kiubavu taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa heshima, akaegemea ukingo. Mama akasema kutoka nyuma, "Tumefika?"

Palikuwa na wanaume wengi pale, wa malori na wa vijiji vya jirani, wanasukuma na kutoa ushauri, wengi zaidi upande wa ushauri. Mmoja, mtu mzima, alichungulia nyuma akamwona mama.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi na hali hii?"

"Marahaba. Kwa dada yangu, Mbamba Bay. Anaumwa."

Yule bwana akanivuta pembeni. "Sikiliza, ndugu yangu. Gari hapa halitoki leo. Lakini tope linaishia pale chini, ni mwendo wa saa mbili. Tukate miti miwili, tufunge blanketi, tumbebe mama kwa machela. Pale chini pana pikapu ya samaki imekwama, inageuza kurudi ziwani mchana huu. Jioni yuko kwa dada yake."

Tayari vijana wanne walikuwa wamejitokeza. Hata malipo hawakutaja. Kubeba mgonjwa si kitu cha kulipwa.

Nikatazama gari. Chini ya godoro kulikuwa na jasho letu la mwaka mzima, magunia yanafuka mvuke. Nikienda na mama, nani atabaki nayo? Nikibaki nayo, mama atakwenda na wageni. Nikasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo yalivyotoka, mepesi, kama mzaha: "Kesho jua litatoka. Siku moja haiui mtu."

Yule bwana akamgeukia mama. "Mama, unasemaje?"

Mama alinitazama mimi, siyo yeye. Muda mrefu. Alinijua mimi na alikijua nilichokuwa nakitazama.

"Aamue yeye," akasema. "Ndiye dereva."

Wale vijana wakarudi kusukuma lori.

Adhuhuri walitutoa kwa kutuvuta kwa nyuma, na mimi badala ya kungoja nikageuza. Nikarudi Mbinga. Nilijiambia mama apumzike, gari likaguliwe, mvua ikatike. Na kweli, Jumamosi jua likatoka, jua zuri la kukera, nikaanika kahawa yote kwenye uwanja wa ndugu mmoja, juu ya maturubai ya kuazima. Jumamosi nageuza, Jumapili nageuza. Mama alikuwa kwenye mkeka kivulini, anatazama upande wa ziwani, ambako kutoka pale huoni kitu ila vilima na vilima. Mara moja tu aliniuliza kama barabara imekauka. Nikasema bado, na wakati huo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu malori yenye vumbi la ziwani yakiingia mjini.

Jumatatu akaja mnunuzi. Alichota kiganja, akafikicha, akainusa. Akainusa tena, akanitazama usoni.

"Mzee, hii uliikaushia wapi?"

"Kwenye gari."

"Inanuka godoro," akasema. "Inanuka mtu." Akairudisha juu ya turubai, akajipangusa mkono kwenye suruali.

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka sikuweza kuyarudisha.

Jumanne tukashuka. Ile kona ya Ijumaa tuliipita kama hakuna kitu, udongo umekauka umebaki na alama za matairi. Chini kweli kulikuwa na vumbi. Joto likaingia garini, mama akaomba pazia lifunguliwe, na harufu ya ziwa ilipoingia akaanza kuimba taratibu kwa Kinyasa, wimbo wa kanisani kwao. Sikuwahi kumsikia akiimba kwa lugha hiyo. Nikaendesha nikisikiliza, na kwa muda wa kama nusu saa niliamini kabisa kwamba mambo yameisha vizuri.

Niliiona nyumba kabla yake, kwa sababu mimi nilikuwa mbele na yeye amelala. Uani kulikuwa na watu wengi. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga kiunoni na kichwani. Wanaume upande mwingine kwenye magogo, moto wa kuni unawaka mchana kwenye jua kali. Hakuna mtu anayewasha moto wa namna ile kwenye joto lile kwa sababu nyingine.

Nikasimamisha gari mbali. Sikuzima injini. Nyuma mama bado anaimba.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Nikashika usukani tu. Akajiinua kwa kiwiko, akaangalia dirishani. Wimbo ukakatika.

Wakamteremsha wanawake. Kilio kikaanza upya, kwa sababu ndugu wa marehemu akifika msiba unafunguliwa tena kama kidonda. Mtoto wa marehemu, ambaye kwa ukoo ni dada yangu, ndiye aliyetueleza. Mama yake alifariki Jumamosi alfajiri. Wakamzika siku ileile jioni, maana huku kwenye joto maiti haingoji kama kwetu mlimani, ambako tunaweza kumlaza mtu siku mbili mpaka wa mbali wafike. Walituma mtu aje Maguu. Alimkuta mke wangu peke yake.

"Ijumaa jioni alikuwa anaongea vizuri," dada akasema. "Aliomba tumkalishe mlangoni, aelekee barabarani. Tukamkalisha. Ilipopita pikapu ya samaki akauliza, ni wao? Tukamwambia siyo wao."

Mama alikuwa ameshika kanga ya marehemu waliyompa, anaikunja, anaikunjua.

"Sasa mama mdogo," dada akauliza, bila ukali, kwa kutaka kujua tu, "mlichelewa wapi? Na gari mnalo."

Nikajua sasa inakuja. Na nilitaka ije. Nilikaa pale mavumbini mbele ya watu wote nikingoja mama aseme, kahawa, huyu hapa alikuwa anaanika kahawa.

"Mvua," mama akasema.

"Mvua? Huku hatujaona hata tone."

"Kule juu ilinyesha sana. Barabara ilikatika. Hata mtu wa miguu asingepita."

Wanawake wakatikisa vichwa, wakasema pole, ni kazi ya Mungu. Mmoja akaniletea maji ya kunawa na sahani ya ugali wa muhogo, akanipa pole ya safari ngumu. Nikanawa. Mama hakunitazama. Aliendelea kuikunja ile kanga, na mimi nikachukua tonge nikaliweka mdomoni, likakaa humo, siwezi kulimeza, siwezi kulitema, watu wote wakinihurumia.